Bei ya Kuchungulia Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Iingie katika kumbukumbu kwamba leo nimeanzisha kampuni ya usafi wa majumba. Mtaji: ndoo mbili, fagio la mke wangu, na ufasaha. Mteja wa kwanza amekwisha kupatikana. Ni mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mama mwenye sauti ya chini ambayo hata mbwa huitii. Mpangaji wake amehama. Anataka nyumba ioshwe mara moja tu, dari hadi sakafu, kabla ya Jumamosi asubuhi, kwa kuwa siku hiyo wanakuja humo wazazi wa mchumba wa binti yake, pamoja na jamaa zao, kuwaona wakwe watarajiwa.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Si dalili njema. Kisha akasema kwamba miavuli ya kukodisha aliivumilia, na hotuba za kuuza kwa jumla alizivumilia, ila hii ndiyo ya mwisho. Mkunga asiporidhika, Jumatatu ijayo nitaripoti kazini kwa kaka yake.

Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana kampuni ya usafi yenye gari na mashine inayonguruma. Tangu chuo kilipofuta nafasi yangu ya afisa itifaki, huniita Mheshimiwa. Hulitamka neno hilo kama mtu anayetoa mfupa wa samaki mdomoni. Kufanya kazi chini yake? Afadhali nioshe paa kwa ulimi.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kukadiria bei. Shemeji naye ameombwa yake. Alikaa mle ndani saa nzima. Alifungua makabati, akapitisha kidole juu ya milango, akanusa jiko, akalala chali chini ya sinki kama fundi wa magari. Mtu mzima.

Mimi nilipita nje kwa mwendo wa heshima, nikachungulia dirisha la sebule. Ilitosha. Sakafu inang'aa, niliiona taa ya dari ndani yake, na globu yake. Mpangaji alikuwa mtu safi. Nilikwisha kuambiwa kwamba alikuwa akitengeneza mishumaa humo. Kazi ya watu watulivu.

Bei nikaitoa pale pale langoni: nusu ya bei ya shemeji. Na kwa kuwa sentensi ilihitaji mwisho wenye uzito, nikaongeza kwamba lolote litakalojitokeza ndani limo humo humo kwenye bei. Mkunga akauliza kama sitaki kuingia kidogo. Nikamweleza kwamba mtaalamu huisoma nyumba kwa uso wake. Akasema yeye katika maisha yake ya kazi hakuwahi kumpima mama mjamzito kupitia dirishani. Hata hivyo alikubali.

Shemeji, akiwa anapakia vifaa garini, aliuliza kama Mheshimiwa ameikanyaga ile sakafu. Nikamjibu kwamba sikuja kuikanyaga, nilikuja kuikadiria. Akacheka mpaka akauegemea mlango wa gari. Wivu ni ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia. Nimeanguka.

Ni nta. Sebule ni nta, ukumbi ni nta, vyumba vyote ni nta. Imemwagika miaka na miaka, tabaka juu ya tabaka, ikasuguliwa na nyayo za mpangaji mpaka ikawa kioo. Huo ndio ule unadhifu niliousifu. Chini yake kuna vigae vya rangi ambayo hadi naandika haya haijathibitishwa.

Fagio linateleza juu yake. Sabuni inateleza. Mimi pia. Nimepiga deki kutwa. Matokeo: nta safi.

Jioni nikamwendea Mkunga na ombi la nyongeza ya bei, lenye utangulizi, kiini na hitimisho. Alilisikiliza lote. Akasema limepangika vizuri. Kisha akanikumbusha yale ya langoni, kwamba lolote litakalojitokeza limo, akasema sentensi ile ilimgusa sana, na ndiyo iliyomfanya amwache shemeji yangu.

Nyumbani mke wangu akauliza kazi inaendaje. Nikasema inang'aa. Sikudanganya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka na wazo. Nta huyeyuka kwa joto. Mtoto wa shule anajua. Nikachemsha maji sufuria baada ya sufuria, nikayamwaga sebuleni, na nta ikalainika kwa utii wa kupendeza. Nikaisukuma kwa fagio hadi kwenye tundu la kutolea maji bafuni. Nyingine nikaizoa kwa ndoo na kuimimina kwenye sinki la jikoni. Vigae vikajitokeza. Ni vya kijani. Nikasimama katikati ya sebule, nikaishukuru ndoo kwa maneno machache.

Nta ikishuka bombani hupoa. Ikipoa huganda. Hili nalo mtoto wa shule anajua.

Alasiri maji yakaanza kurudi. Kwanza kwa aibu, kisha kwa ujasiri, kisha yakiandamana na vitu ambavyo mpangaji alidhani ameachana navyo. Mkunga alinikuta nimepiga magoti bafuni, nikisukuma kizibuo cha mpira kwa nguvu zangu zote. Akaniwekea kiganja mgongoni. Akaniambia nipumue. Nisisukume kabla ya wakati. Nivute hewa kwa pua, niitoe kwa mdomo, nilegeze mabega, mama anaendelea vizuri. Nilitulia kweli. Nadhani hata yeye alisahau kidogo alikuwa wapi.

Kisha akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea. Akasema, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba mama wa yule kijana amekwisha kupitisha maneno, eti mtoto wa mkunga atakuwa amelelewa wapi, maana mama yake miaka yote alikuwa kwenye nyumba za watu. Binti amelia wiki nzima. Jumamosi wakiikuta nyumba katika hali hii, hakutakuwa na haja ya maneno tena.

Nikarudi kusukuma kizibuo, bila hotuba. Jambo hili hunitokea mara chache.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu ameshauri tumwite kaka yake. Nikakataa katakata, nikaeleza sababu, na nilikuwa nakaribia ya tatu nilipoona gari lake limeegeshwa nje tayari.

Shemeji alisikiliza, akaangalia bafu, akatikisa kichwa kwa furaha iliyofichwa vibaya. Masharti yake: nyumba itakuwa tayari kesho, na mimi nitakuwa kwake Jumatatu, Mkunga aridhike asiridhike. Mke wangu akakubali kwa niaba yangu. Sijawahi kuwakilishwa haraka kiasi hicho.

Akaingia chini ya sinki, akafungua kiwiko cha bomba, akavuta. Ukatoka mshumaa mmoja mnene, mrefu, uliopinda kama bomba lenyewe. Akaunyanyua mbele ya wote, akatupongeza, akamuuliza Mheshimiwa atampa jina gani. Kisha akamkabidhi Mkunga, naye akaupokea kwa mikono miwili, akikishikilia kichwa, kwa mazoea. Mke wangu alilazimika kutoka nje.

Kumbe nta haichemshwi. Hukwanguliwa ikiwa baridi, kwa kipande cha plastiki, na masalio hunyonywa na gazeti lililopitishiwa pasi ya moto. Nikamuuliza shemeji kwa nini hakuniambia tangu Jumanne. Akasema aliniuliza kama nimeikanyaga sakafu, nikamjibu kwa Kiswahili kigumu, akaogopa kuendelea.

Tumekwangua wanne, Mkunga akiwa wa nne. Magoti yangu yamejiuzulu. Ukumbi bado.

Jumamosi, 8 Machi

Wageni wamefika mapema kuliko walivyosema. Ukumbi ulikuwa bado na nta nusu nzima. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya Mkunga ikipanda. Alisema tu Mungu wangu, lakini binti yake aliketi chini pale pale, na gauni lake jipya, akaufunika uso.

Nikavua glovu. Nikatoka hadi langoni nikiwa na aproni, nikawazuia wageni kwa kuwakaribisha.

Nilianza na safari yao. Nikapita kwenye ukoo wao, ambao siujui, nikausifu kwa mambo ambayo ukoo wowote ungependa kusikia. Nikaeleza maana ya mlango katika maisha ya binadamu. Nikamgusia mama anayeacha kitanda chake ili watoto wa wengine wazaliwe salama, na kuuliza, bila kumtazama mtu, kama kuna malezi yanayopita hayo. Baba wa kijana akatoa leso. Mama wa kijana akatazama viatu vyake. Nyuma yangu nilisikia plastiki zikikwangua kama panya walioahidiwa karamu. Mke wangu akachomoza kichwa mlangoni, akanipa ishara kwa mkono: endelea kusema. Haijapata kutokea katika ndoa yetu.

Wakaingia hatimaye. Vyumba vilikuwa vya kupigiwa mfano. Mama wa kijana alimshika Mkunga mkono, hakuuachia mpaka chakula. Binti amekubalika, na inaonekana na yeye amewakubali.

Kona moja tu ya ukumbi haikuwahiwa. Shangazi wa kijana, mwenye miwani mikubwa, alikuwa amekagua kila chumba. Hapo akasimama. Akainama, akaiona sura yake kwenye nta, akarekebisha kilemba. Akasema hajapata kuona sakafu inayong'aa namna hii, nani kaifanya? Shemeji akafungua mdomo. Nikamwahi.

Mkunga amenilipa tulivyokubaliana. Malipo yote yamehamia kwa shemeji, kwa ajili ya mabomba. Hayakutosha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeripoti kwa shemeji kama ilivyoamuliwa. Nimepewa kazi ya kusuuza matambara, na agizo moja: nisimtajie mtu bei ya chochote, hata akiniuliza bei ya nyanya. Nikakubali mbele ya mashahidi.

Wakati wa mapumziko nikaenda kwa Shangazi. Anataka nyumba yake yote ing'ae kama ile kona. Alinisihi niingie nijionee. Nikakataa kwa adabu. Hata hivyo mimi si mtu asiyejifunza. Nimetafakari kwa kina kosa la wiki iliyopita, nikagundua kwamba dirisha moja halikutosha. Leo nimechungulia mawili. Bei nimeitoa langoni, na lolote litakalojitokeza limo.

Nikirudi nikapitia dukani, nikanunua katoni sita za mishumaa. Mwenye duka aliuliza kwa wasiwasi kama nimesikia kwamba umeme utakatika. Nikamwondoa hofu. Nikamwambia ni vifaa vya usafi.