Mchaichai Mkavu wa Sleyum

Jumamosi, 7 Novemba 1998

Habari kubwa hapa Ibra! Mkwe wangu, Bi Kaltham, kapiga simu kutoka Sur. Siku ya Taifa ya Oman, tarehe 18, anakuja kwetu, na mbele ya wote atasema bustani iliyo nyuma ya nyumba anampa nani. Bustani ni yake, na zamu ya maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia, ni yake. Lakini anayeilima nani? Mimi!

Mpinzani ni mmoja tu: Aflah, mwanyumba wangu, kamuoa Tamima, mdogo wake mke wangu Ghalia. Anauza vipuri vya magari huko Sur na kila kitu kwake ni projekti. Anataka kung'oa kila kilichoota, amwage saruji, ajenge fleti za kupangisha. Mchaichai wangu uwe chini ya choo cha mpangaji! Shina la kwanza nililipanda mwenyewe mwaka tuliohamia. Nikifikiria, moyo unaniuma, wallahi.

Mpango nimeshaupata. Bi Kaltham kila akinywa chai ya hapa hulalamika kuwa haina harufu, si kama ya Unguja alikokulia. Basi nitamkaushia mchaichai, niufunge vizuri, nimkabidhi watu wakiona. Ajue bustani inazaa. Ghalia kanambia mchaichai uko mlangoni mwa jiko, kwa nini nisikate majani mabichi siku hiyo hiyo nikayatia kwenye birika. Maskini, hana akili ya biashara. Mabichi kila mtu anayo!

Jumatatu, 9 Novemba

Nimeomba ruhusa ofisini. Nimesema mgongo unaniuma. Kufika adhuhuri ukaniuma kweli.

Nimeukata wote. Wote! Mpaka chini kabisa. Bustani imebaki kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwenye hasira. Nusu nimeuanika juu ya paa, kwenye mikeka, jua kali. Nusu nyingine nimeuacha barazani, nafasi imekwisha. Ghalia kasema majani hukaushwa kivulini, jua linakula harufu. Nikamuuliza tende hukaushwa wapi? Na samaki? Na ndimu? Akarudi zake jikoni. Nimemshinda.

Alasiri Aflah kapita, anatoka Maskati anarudi Sur. Kaangalia juu ya paa, kauliza nimeanza lini kufuga mbuzi. Kacheka peke yake. Halafu nikamuona kupitia dirishani anaipima bustani kwa miguu, ukuta mpaka ukuta. Mtu hana hata aibu.

Jumatano, 11 Novemba

Jua limenisaliti. Mchaichai wa juu ya paa umekuwa na rangi ya mkeka wa zamani. Nimeunusa: hakuna kitu. Nimeutafuna: nyasi. Ghalia alikuwa akiimba tu jikoni. Afadhali angenicheka.

Lakini mie si mtu wa kukata tamaa. Ile nusu ya barazani nimeihamishia majlisi, chumba chetu cha wageni. Nimeitandaza juu ya mito na mazulia, mapazia nimeyafunga, pangaboi inazunguka kwa nguvu zake zote. Kivuli na upepo, fikra yangu mwenyewe. Wenzangu wa kazini wamekuja kuniangalia mgongo. Sikuweza kuwakaribisha ndani, nimewapokea kwenye geti, nimejishika kiuno. Wameondoka wakiniombea dua. Watu wema sana.

Ijumaa, 13 Novemba

Umekauka! Bado kijani, ukiufikicha unavunjika, na nyumba nzima inanukia. Nimetembea majlisi yote nikivuta pumzi. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza.

Ghalia yuko Nizwa toka jana, kaenda kumtazama binamu yake aliyejifungua. Niko peke yangu, nafanya kazi bila ya kuulizwa maswali.

Suala sasa ni kuhifadhi. Mifuko ya plastiki inatoa jasho. Makopo ya maziwa yana kutu. Nikakaa nikafikiri, mara nikakumbuka: sanduku la Bi Kaltham! Liko chumba cha ndani. Hakulichukua alipohamia kwa Tamima, kwa sababu Sur kuna unyevunyevu wa bahari na vitu vinaota ukungu. Hapa kwetu ni pakavu. Yaani mwenyewe kapachagua! Ufunguo nimeuona kwenye mkoba wa kushonea wa Ghalia.

Nimelifungua. Ndani kuna bafta nyeupe, mpya kabisa, imekunjwa kwa adabu. Kuna furushi la pamba, vipande vya kafuri, chupa ya marashi ya Jabal Akhdar, na kidumu cha maji. Nimefikiri kidogo tu nikaelewa. Mito! Bafta ya foronya, pamba ya kujazia, kafuri ya kufukuza wadudu, marashi ili mlalaji apate usingizi mzuri. Mama wa watu, kwa umri wake, bado anataka kujishonea mito. Huruma imenishika.

Na bafta ile laini! Nimeikata vifuko, nimevishona kwa mashine ya Ghalia, kila kimoja na kamba yake. Nimejaza mchaichai, nimevipanga sandukuni juu ya pamba, kafuri nimeitawanya katikati ili wadudu wasithubutu. Yale maji yalikuwa ya zamani, nimemwagilia mashina bustanini. Bi Kaltham nitamnunulia mito iliyokwisha shonwa. Atafurahi mara mbili.

Jumanne, 17 Novemba

Ghalia karudi. Kauliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia asubiri kesho. Kauliza vipande vyeupe chini ya mashine vya nini. Nikamwambia nilitia kiraka kwenye kanzu. Kaniangalia sana.

Usiku huu nimelichungulia sanduku. Harufu ina nguvu, machozi yamenitoka! Nasikia Aflah kachorewa ramani ya hizo fleti na anakuja nayo. Na aje.

Jumatano, 18 Novemba

Nitaandika yote.

Tumekaa majlisi baada ya chakula. Bi Kaltham kaketi juu, Tamima na Ghalia pembeni yake, Aflah kapakata ramani yake. Nimempa mkwe shikamoo nyingine, ya heshima. Nikaleta chai niliyopika mwenyewe, vifuko ndani ya birika, na sinia ya vifuko vingine, kila mtu chake. Aflah kanywa wa kwanza, akapaliwa. Tamima karudisha kikombe chini. Bi Kaltham kakisogeza puani, hakunywa.

Kachukua kifuko. Kakipapasa. Kageuza upindo, kaangalia nyuzi. Kaniuliza polepole nguo hii nimeitoa wapi. Nikamjibu, kwa fahari, kwenye sanduku lako, Mama.

Ghalia akapiga ukelele.

Ni sanda yake. Kainunua Makka alipohiji, kaiosha mwenyewe kwa maji ya Zamzam, na kila mwaka huitoa akaitazama, akairudisha. Pamba ni yake ya siku hiyo. Kafuri ni yake ya siku hiyo. Mie nimempikia na kumtilia sukari.

Bi Kaltham kasema, "Sleyum mwanangu, haraka ya nini? Bustani huingoji hata nife?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Aflah kacheka, hakuweza kujizuia, na hapo ndipo mkwe akamgeukia yeye. Kamuuliza anacheka nini, aliyekuja na ramani wakati mwenye mali bado anapumua? "Huyu mpumbavu," kasema, "angalau kaniletea chai." Basi bustani kampa Ghalia. Aflah kaambiwa aikunje ramani. Mimi nisikanyage humo bila ya ruhusa ya Ghalia. Tena niende umra, nimletee sanda nyingine, niioshe kwa Zamzam kwa mikono yangu mwenyewe.

Kuhusu kidumu cha maji hakuniuliza mtu, nami sikujitia kusema.

Baadaye nimemkuta peke yake, vifuko kaviweka mapajani, anavimwaga majani kimoja kimoja na kuvinyoosha kwa kiganja. Nimeona haya, haya ya kweli. Nimeinama nikambusu mkono. Kaniachia niubusu, lakini hakuniangalia.

Ijumaa, 20 Novemba

Nimetafakari vizuri. Huu ni ushindi! Bustani imebaki nyumbani, na Aflah karudi Sur na ramani yake. Mashina ya mchaichai yanachipua, tena kwa kasi ya ajabu. Ghalia anashangaa. Namwacha ashangae.

Kosa lilikuwa moja tu, kafuri. Ilizidi. Vifuko havikuwa na kosa lolote: havikupitisha hata jani moja kwenye kikombe, na mshono hakuna aliyeulaumu. Bafta ya Makka kwa chai haina mfano. Nimemuuliza mtu aliyerudi umra juzi, kanambia wanauza jora zima zima.

Nitachukua jora. Bi Kaltham ni mwembamba, itabaki nyingi tu.