Nani Kamsaidia Dada Zaidi

Jumatatu, 3 Machi

Naandika nikiwa koridoni, juu ya kitanda cha kukunja, kati ya mlango wa choo na mlango wa jiko. Miezi miwili sasa! Nilitolewa chumbani kwa sababu Dada anajiandaa na mtihani wa kuombea shahada ya uzamili nje ya nchi, na eti ninavyofunua kurasa namvuruga. Kufunua kurasa! Mimi ambaye nikipiga chafya darasani naomba radhi kwa kunong'ona.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akipata alama nzuri chuo kitamgharamia kila kitu, ataondoka, na chumba kitabaki wazi. Dirisha lile! Meza ile! Nimeshapanga vitabu vyangu humo kichwani, rafu kwa rafu.

Leo natoka shule, namkuta nani chumbani? Mjomba, na futi kamba mkononi. Mjomba ni fundi friji. Alikuja kwetu kwa wiki mbili, na huu ni mwezi wa nane. Analala sebuleni pamoja na friji tatu mbovu. Nikamuuliza anapima nini, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu. Akasema anaangalia kama ukuta umenyooka. Ukuta! Kumbe Baba amemwahidi chumba. Na Mama ameniahidi mimi.

Jioni kikao. Wazazi wamekata shauri: chumba atapewa atakayemsaidia Dada zaidi, na mwamuzi ni Dada mwenyewe. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akasema pole yangu mimi Profesa, ndivyo anavyoniita, nizidi kuzoea muziki wa choo. Nikatabasamu kwa adabu. Ndani nawaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kazi! Dada ananipa nimsahihishie majaribio ya kile kitabu chake kikubwa cha kujiandaa na mtihani, kurasa mia sita. Kasema ananiamini kwa kuwa mimi sijui kudanganya. Ni kweli. Sijawahi kupata nafasi.

Jaribio la kwanza: thelathini na moja kati ya arobaini. Anasema thelathini na mbili zingemtosha. Akapiga miayo, akaenda kutazama tamthilia. Nikabaki nimekodoa macho. Kama anapata thelathini na moja bila mimi, msaada wangu utaonekana wapi? Daktari hasifiwi mpaka mgonjwa alazwe kwanza.

Kwa hiyo nitamlaza kidogo, kisha nimwinue. Mbele ya watu.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la pili kapata thelathini na tatu. Nikaandika ishirini na nne. Nikampelekea kwa uso wa msiba, nikamwambia asihofu, mimi nipo.

Alitakiwa aseme nisaidie mdogo wangu. Badala yake akaangua kilio! Mama akaja mbio na mwiko mkononi, akanigombeza kwa kumletea mtu habari kama hiyo kabla hajala. Dada akasema kwa kwikwi kwamba akili yake imekwisha, kwamba ataahirisha mtihani mpaka mwakani.

Mwakani! Mwaka mzima koridoni! Mjomba akanitazama kama mtu aliyemwagiwa uji. Akauliza, haya Profesa, umemfanya nini mwenzio? Nikasema sijui. Hilo ndilo jibu langu la kawaida, hata ninapojua.

Ijumaa, 7 Machi

Hali ya hatari. Kwa taabu nimemwomba Dada afanye jaribio moja tu, la mwisho. Kapata thelathini na mbili. Nikaandika thelathini na nane.

Furaha nyumba nzima! Dada akaruka. Nikasimama mlangoni nikingoja shukrani, shingo nimeinyoosha kidogo. Dada akamkumbatia Mjomba.

Mjomba! Eti jana jioni alimwekea chumbani friji ndogo aliyoifufua, mlango wake unaachwa wazi ili hewa ipoe, na baridi hiyo ndiyo iliyomfungua ubongo. Alama kumi na nne kutokana na friji! Baba kauliza kama inaweza kupatikana nyingine ya ofisini kwake. Mjomba kawatangazia majirani wa pande zote mbili kwamba kagundua dawa ya mitihani.

Nikawaambia kwamba kitabu cha fizikia kinasema friji iliyo wazi haipozi chumba, inakipasha joto. Mama akaniambia husuda si nzuri, mwanangu. Husuda! Ni fizikia!

Jumapili, 9 Machi

Dada hasomi. Mwenye thelathini na nane atasoma nini? Asubuhi kaenda kusuka nywele, karudi jioni, kalala kifudifudi kwa sababu kichwa kinauma. Kitabu hakijui tena. Nimempitia mara tano nikimhimiza arudie hesabu za asilimia. Mara ya tano kanirushia kandambili.

Siwezi kusema ukweli. Siwezi kunyamaza. Nimesaga meno mpaka taya zinauma. Na Mjomba sasa ananiagiza chai kama mwenye nyumba.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimepata silaha. Siri za mtihani! Zile ambazo fundi friji hawezi kuzijua hata akizaliwa mara mbili.

Nilibeba kitabu kikubwa shuleni, nikakisoma chini ya dawati kipindi cha hisabati. Nikafika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja: mtihani una sehemu mbili, na kompyuta hukuchagulia ya pili kutegemea ulivyofanya ya kwanza. Na ukimaliza, kabla hujaona alama, hukuuliza uzihifadhi au uzifute. Hapo hapo mwalimu wa hisabati akaninyang'anya kitabu! Akakiinua juu, akauliza darasa zima kama kuna mtu mwingine anayetaka kuingia uzamili kabla ya kufaulu hesabu za sehemu. Walicheka. Nilitamani sakafu inimeze. Kasema nikakichukue Ijumaa. (Dada hajagundua hata kwamba kitabu hakipo. Ndiyo hali yenyewe.)

Si neno. Mwenye akili hahitaji ukurasa unaofuata. Ukikosea swali shuleni unaambiwaje? Unaongezewa kazi ngumu zaidi. Kompyuta nayo ni mwalimu tu. Nikaandika kikaratasi kwa mwandiko wangu mzuri: "Sehemu ya pili ikiwa ngumu kuliko ya kwanza, ujue umeharibu. Futa alama! Alama mbovu haizeeki."

Dada akakisoma mara mbili. Akakitia kwenye mkoba. Akanishika shavu, akasema hata pale ofisini anakofanya kazi hakuna aliyemwambia jambo hili. Mjomba alikuwapo. Alikuwapo! Sura yake ilinilipa wiki nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Dada karudi saa nane, kakaa sebuleni juu ya friji ya Mjomba bila kuvua viatu. Sote tukasimama.

Kasema sehemu ya kwanza ilimpendeza, ilikuwa kama kumsukuma mlevi. Ya pili ilipofunguka akadhani amepewa mtihani wa mtu mwingine. Ngumu! Ngumu ya kutoa jasho, ila akapambana, na mengi anaona aliyapata. Mwisho kompyuta ikamuuliza: nihifadhi au nifute? Akakumbuka kikaratasi changu. Akafuta. Hakuziona hata alama zenyewe.

Baba akavua miwani. Mama akasema Mungu ana mipango yake. Dada akanivuta kwake, macho mekundu, akaniambia mbele ya wote kwamba bila mimi angeingia kwenye kumbukumbu za chuo akiwa na aibu ya maisha. Kwamba hukumu yake ameshaitoa: mimi ndiye niliyemsaidia zaidi.

Nimeshinda chumba. Na Dada yumo ndani, haendi popote. Mjomba alicheka peke yake jikoni kwa muda mrefu sana.

Jumapili, 16 Machi

Kitabu nilirudishiwa juzi. Leo ndiyo nimekifungua, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Mstari wa kwanza: anayefanya vizuri sehemu ya kwanza hupewa sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi.

Nimeusoma mara sita. Dada alikuwa anafanya vizuri! Alikuwa ameshika njia ya kuondoka, mkono wangu ndio uliomrudisha. Kisha hasira zikanipanda. Mwandishi gani anakata jambo zito kama hili katikati ya kurasa mbili? Mwalimu gani anamnyang'anya mtu kitabu kabla hajafunua? Na Dada, mtu mzima mwenye shahada, anamsikilizaje mtoto wa shule?

Nilikwenda mlangoni kumwambia. Alikuwa amelala na kanga usoni. Nikarudi kitandani kwangu.

Lakini yote hayajaharibika! Mtihani unaruhusiwa kurudiwa baada ya siku ishirini na moja, na chuo kinapokea maombi hadi mwisho wa Aprili. Safari hii nina ukweli wenyewe, kutoka kitabuni, siyo wa kubahatisha. Nimekwisha kuandika kikaratasi kipya na kukipitisha chini ya mlango wake: "Sehemu ya pili ikiwa ngumu, umeshafaulu. Usijichoshe na maswali yaliyobaki. Hifadhi alama, urudi nyumbani."

Maelezo yanaendelea ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu. Sikuusoma. Nimeshaelewa.