Nakshi ya Uchochoroni

Jumatatu, 3 Machi
Bosi anataka mchoro wa jengo la maduka litakaloendana na mtaa wa kale. Atachukua wangu au wa mwenzangu wa ofisini, Miwani, wakazi wakiukubali. Miwani kutwa yuko mtaani akiwauliza wenyeji maswali. Maskini! Mimi nina shangazi. Kazaliwa palepale, yumo kwenye kamati ya wakazi. Nimembembeleza hadi akakubali kunitetea. Ombi lake moja tu: nisimwaibishe.

Jumanne, 4 Machi
Dawa ya Miwani nimeipata. Uchochoroni, kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi, kuna nakshi ya plasta. Nusu ya juu imebomoka. Imebaki mikunjo, vijiti, vikia. Nimeinakili. Itazunguka jengo zima, kwa rangi ya dhahabu. Shangazi akauliza ninafanya nini huko nyuma. Nikasema ni siri ya kikazi.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao cha kamati. Shangazi, kavaa gauni lake la heshima, akawaambia majirani kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kuuharibu mtaa wao. Nikafunua mchoro. Nikaeleza kwamba mababu waliweka nakshi ile kuwakaribisha wageni.

Kisha fundi cherehani akacheka mpaka akashika meza. Mwenyekiti akauliza kama ninajua kusoma. Shangazi ndiye aliyejibu, macho chini. Ile si nakshi, ni maandishi ya babu yake: USIKOJOE HAPA.

Jengo zima. Kwa dhahabu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Shangazi alitoka kwa mlango wa nyuma, mkoba kaukumbatia, bila kumuaga mtu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kumwomba radhi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kasema leo hakutoka hata kununua mkate, anaona haya kukutana na majirani. Hata hivyo kaiomba kamati inisikilize tena Jumatatu. Sharti: nisichore kitu kabla ya kuuliza. Nikaapa. Machozi yalinilengalenga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepita mtaani kwa unyenyekevu. Kule mwisho kuna kijengo cha kale, kimefungwa. Milango miwili myembamba, vidirisha juu kabisa, harufu nzito ya ukale inayochoma pua. Na juu ya kila mlango, nakshi! Zimelika sana, lakini jicho la fundi halidanganyiki: zinaanza sawasawa, zinaishia tofauti. Ishara ya ndoa, bila shaka. Nimeziweka mchoroni, juu ya lango kuu.

Nilifika hadi mlangoni kwa shangazi nimuulize, nikarudi. Ataziona kikaoni pamoja na wenzake. Baada ya yote niliyomfanyia, anastahili kufurahishwa ghafla.