Kiatu cha Kushoto cha Diwani Pancras

Enyi wana wa uwanda wa juu, kuanzia Makote hadi Mkunya, tueni mizigo mnisikilize, maana nasimulia vita visivyomwaga damu bali unga.

Alikuwapo Pancras, simba wa mizani, bingwa wa chumvi na sabuni, aliyeanza na meza moja gengeni akaishia na duka la milango mitatu. Na watu walipoona hapunji kipimo, wakampa na udiwani wa Mkunya. Asubuhi ya kuapishwa, gari la Newala likinguruma nje, shujaa alimaliza uji, akainuka mkekani, akanyoosha mguu, na lo, kiatu cha kushoto hakikuwapo.

Kilikuwa kwapani mwa Bibi Esha, Mmakua, mtani wake tangu enzi za mababu. Bwana Kulwa, mtendaji wa kata, mgeni kutoka Usukumani, akadhani ni wizi, akataka kuita mgambo. Wazee wakamshika mkono wakamweleza kwamba mtani haibi, na kwamba anayemkasirikia mtani wake amejiaibisha mbele ya umma. Masikini Pancras, alikuwa amekwisha kununa, na nusu ya kijiji ilikuwa imemwona.

"Mmakonde wewe," akasema Bibi Esha, "uliomba kura ukisema utatutumikia. Haya, muhogo wangu umo kinuni. Twanga nione."

Pancras akavua koti kama avuaye joho la vita. "Bibi, tangu nizaliwe sijashika mchi. Lakini kama Mkunya imo ndani ya kinu hicho, nitaifuata humo humo, na mguu mmoja peku."

Pigo la kwanza lilikosa kinu. La pili lilimpaka unga hadi kwenye nyusi. Kufika la kumi mchi ulikuwa umemtii, wanawake wakapiga vigelegele, dereva akazima gari aje kutazama, na Bwana Kulwa mwenyewe akaanza kupiga makofi. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, wala sioni haya kusema.

Bibi Esha akauchekecha unga, akasema una chenga kama mwenyewe alivyo. Kisha akapiga goti, akamvisha kiatu kwa mkono wake, akamwambia, "Nenda, diwani wetu."

Basi iandikwe na isifutwe: hakimu alimwapisha Newala saa tano, lakini Mkunya ilikuwa imekwisha kumwapisha saa tatu, kwa mchi.