Uji wa Oti na Meza ya Fundi Saa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba mkwe alifika jana. Begi moja, kopo moja la oti, karatasi ya daktari, na saa za mkononi tatu, zote kazivaa mkono wa kushoto. Atakaa wiki nzima.

Karatasi inasema ale uji wa oti kila asubuhi kwa ajili ya moyo. Si zile oti bapa za kupondwa zinazoiva ukizitazama. Hizi ni punje nzima zilizokatwa kwa chuma vipande viwili vitatu, ngumu kama changarawe. Kikombe kimoja, maji vikombe vinne, moto mdogo, dakika thelathini hadi arobaini. Unasimama na mwiko muda wote! Daktari huyu hana kazi nyingine.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee ni fundi saa. Miaka arobaini na miwili kwenye meza moja, dirishani. Macho yamechoka, anataka kumwachia mkwe meza hiyo. Wakwe tuko wawili: mimi, karani wa masjala, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mwokaji mikate. Wiki hii kwangu, wiki ijayo kwake. Mzee alisema hatatuuliza swali lolote. Ataziangalia asubuhi zetu tu.

Meza ile nimeitamani tangu siku nilipokwenda kuposa. Ina droo ndogo ishirini na nne, kila moja na kibandiko chake. Mtu wa masjala haoni kitu kama kile akabaki mzima. Mwanyumba vidole vyake vinene kama mikate anayooka. Skrubu ya saa ataishikaje?

Mke wangu ni mkunga, anaondoka alfajiri. Kwa hiyo mpishi ni mimi. Nilijipiga kifua mbele ya mzee. Nimechora ratiba, nimeibandika ukutani.

Leo nilianza kwa hesabu. Moto mdogo dakika thelathini ni sawa na moto mkali dakika kumi. Ni uwiano tu; sekondari nilipata alama tisini. Matokeo: maji juu, changarawe chini. Mzee alitafuna. Nilimsikia kutoka jikoni. Akaitoa punje moja mdomoni, akaiweka kiganjani, akabana lenzi yake jichoni, akaikagua kama gurudumu la saa.

“Umebandika saa ngapi, mwanangu?”

Nikasema mapema. Akazitazama saa zote tatu.

Mimi sifuri. Mwanyumba hajaanza, kwa hiyo naye sifuri. Sare.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimefuata karatasi. Moto mdogo, saa kumi na mbili kamili. Nikakoroga. Nikakoroga. Nikatazama saa: dakika nne! Mtu mzima mwenye cheti anazungusha mwiko kama punda wa kinu. Nikaona bora nikanyoe ndevu.

Nilikuwa nimefika shavu la pili harufu iliponijia. Povu limezima jiko upande mmoja, upande mwingine unaunguza. Nikachota wa juu juu, nikapeleka. Mzee akasema una ladha ya kibiriti. Nikamwambia kosa ni la jiko, bovu siku nyingi. Hakubisha. Akatoa bisibisi yake ndogo, akalifungua jiko lote, akasafisha kila tundu kwa pini, akalifunga, akaliwasha. Likawaka vizuri kabisa. Akasema halikuwa na ubovu. Kisha akaniuliza nilibandika saa ngapi, na kama nyumba hii watu hunyoa shavu moja.

Jioni mke wangu akisugua sufuria alisema nimngoje mzee afe kwa moyo, nisimuue kwa masizi. Mtu mwenye mpango hajibizani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo mpango safi. Jana nikitoka kazini nilinunua oti bapa, zile za dakika tano. Nikazimimina kwenye kopo la mzee, zake nikazificha kwenye buti langu la mvua. Uji ukaiva nikihesabu vidole.

Sasa, mzee ana saa tatu na masikio mawili. Hawezi kuletewa uji baada ya dakika tano. Nikaufunika pembeni, nikachukua sufuria tupu, nikaikoroga dakika ishirini na tano. Mwiko mkono mmoja, gazeti mkono wa pili. Mara naguna, mara napuliza, mara nasema “ah, bado kidogo.” Kuigiza kazi kunachosha kuliko kazi.

Akala wote! Akafuta bakuli. Nikaanza kufikiria kiti changu kitakaaje pale dirishani. Mzee akainama kufunga kamba za viatu, akasema bila kuniangalia, “Sufuria yenye uji hailii kama kengele, mwanangu.”

Kisha akaomba buti zangu za mvua. Mawingu yalikuwa mazito, alitaka kwenda kununua gazeti.

Sitaandika zaidi kuhusu leo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kuna akili ambazo sekondari haifundishi. Jana baada ya chakula cha jioni nilitia oti kwenye chupa ya chai, nikamimina maji yanayochemka hadi mdomoni, nikafunga kizibo kwa nguvu zangu zote. Ziive zenyewe mimi nimelala! Hakuna mwiko, hakuna gesi, hakuna ndevu nusu. Nilijivunia hata nikakosa usingizi.

Nilichosahau: oti hunywa maji zikavimba. Asubuhi kizibo hakikugeuka. Nikakibana kwa magoti. Kikatoka kwa mlio kama wa risasi, kikagonga ratiba yangu ukutani. Ndani uji umejaa, umeshikana kama saruji, lakini harufu! Nililamba kidogo ncha ya kidole. Umeiva. Nasema ukweli, umeiva vizuri. Nikachimba kwa mpini wa kijiko. Nikachimba zaidi. Krak! Kioo cha ndani kimepasuka.

Chupa ilikuwa zawadi ya harusi yetu. Kutoka kwa mzee.

Mzee amekunywa chai ya rangi. Hakuuliza nilibandika saa ngapi. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Jana mke wangu aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini ili ampikie baba yake. Siku hiyo haihesabiki.

Leo mwanyumba kaja kumwamkia mzee, mkononi mikate miwili ya moto. Kujipendekeza huku! Akanivuta kando jikoni, sauti ya chini. Akasema uji huo hajawahi kuupika maishani, anajua unga wa ngano tu, na anaogopa kumwaibisha mkewe. Akauliza, “Mwanyumba, wewe mtu wa kuandika andika. Huwezi kuniwekea kwenye karatasi?”

Mungu hamtupi mja wake! Nilikaa mezani nikamwandikia maelekezo ya kummaliza. Nimenakili hapa kwa kumbukumbu:

Loweka oti usiku kucha, na chumvi kidogo. (Zitaoza.) Asubuhi zichuje, zikaange kwenye siagi mpaka zinukie kama karanga. (Nani hukaanga uji?) Ndipo utie maji. Moto mdogo kabisa. Usiguse ila mara tatu nne tu. (Utashika chini.) Mwishoni tia maziwa, epua, funika, ondoka dakika kumi. (Utapoa, utaganda.)

Akaisoma mara mbili, midomo ikitembea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilihisi aibu kidogo. Ikapita.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mzee yuko kwa mwanyumba tangu Jumapili. Nimeshindwa kuvumilia. Kabla ya kazi nimekwenda kushuhudia maafa, kwa kisingizio cha kurudisha mwavuli.

Nilipofungua geti nikasikia harufu. Siagi, na kitu kama karanga zinazokaangwa, na maziwa. Miguu ilikwenda yenyewe.

Mwanyumba hakuwa anafanya chochote. Kaketi mbele ya sufuria iliyofunikwa, mikono mapajani, kama anavyongoja donge la unga liumuke. Mzee kaketi pembeni yake. Wote wawili kimya, wanangoja! Nikauliza kama kuna msiba. Mzee akanyoosha kidole kwenye saa ya kati: bado dakika tatu.

Wakanipa bakuli. Niliamua nionje kijiko kimoja kwa ajili ya uchunguzi. Sasa naandika kwa uaminifu kwa sababu hii ni shajara yangu na haisomwi na mtu. Kila punje ilikuwa peke yake, laini nje, na ndani ina kaugumu kanakokatika chini ya jino na kutoa utamu. Maziwa mazito, asali tone moja katikati. Nilikula mabakuli matatu. Nilichelewa kazini. La nne nilikatazwa.

Njia nzima najiuliza: amefanya kosa gani kwenye maelekezo yangu? Nimelinganisha na nakala. Hakuna. Kafuata kila neno, mshenzi yule.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Hukumu. Familia yote sebuleni kwa mwanyumba. Mzee alisema amekula uji siku saba hajaona mfano wake, akamtaka mwanyumba aseme siri. Nilimkonyeza. Nilikohoa. Bure! Mtu yule hana hila hata ya dawa. Akatoa karatasi mfukoni, imejaa madoa ya siagi, akasema sifa zote zimwendee mwanyumba wake, yeye kafuata tu.

Mzee akabana lenzi jichoni. Akausoma mwandiko wangu wote, taratibu, mpaka nukta ya mwisho.

“Kwa hiyo ulikuwa unajua,” akasema. “Wiki nzima unanitafunisha changarawe, na ulikuwa unajua.”

Nilikuwa na njia mbili. Niseme nilijua nikaona uvivu, au niseme sikujua na niliyatunga ili mwenzangu aharibikiwe. Mke wangu ananitazama. Nikasema nilijua. Ndiyo nafuu.

Mke wangu alitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda. Amenizoea miaka tisa.

Ufunguo wa meza amepewa mwanyumba. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuupokea. Kisha, bila kuombwa na mtu, akasema zile droo ishirini na nne zitamshinda, vibandiko vimefifia, na kwa mpangilio hakuna kama mimi. Akaomba niwe nakaa naye kila Jumamosi. Nilipenga kamasi. Pengine ni vumbi.

Mzee akafikiri. Akasema sawa, lakini kwa sharti. Anarudi kwangu leo hii, wiki moja. Nimpikie uji wa kweli, dakika zake zote, kwa mkono wangu, na Jumamosi nitakaa mezani. Nikidanganya asubuhi moja tu, nibaki na masjala yangu. Na akanipa saa ya ukutani aliyoitengeneza mwenyewe, niitundike jikoni juu ya jiko. Alisema haijapoteza hata dakika moja tangu mke wangu azaliwe.

Nilimbusu mkono. Nimeapa mbele ya wote kwamba nimebadilika.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Saa nimeitundika. Kweli ni kitu kizuri. Mshale mrefu ukiusukuma kwa kidole unakwenda wenyewe, laini, bila kelele.

Ratiba mpya nimeibandika. Nabandika oti bapa saa kumi na mbili kamili. Naepua saa kumi na mbili na dakika tano. Nasogeza mshale. Napeleka uji saa kumi na mbili na nusu kwa saa ya mzee mwenyewe, aliyoitengeneza kwa mkono wake. Atabishana na kazi yake?

Zimebaki zile tatu za mkononi. Lakini nimechunguza: akienda kuoga huzivua zote na kuziacha juu ya stuli nje ya mlango wa bafu. Bafuni bomba sasa hivi linamwaga maji.

Nikirudi nitaandika ilivyokwenda.