Roboti Iliyolala Mlangoni

Jumatatu, 3 Juni
Leo mwalimu wa sayansi kaleta sanduku la kuundia roboti. Vipande vya kuchomeka, magurudumu, mota mbili, jicho la kuonea vikwazo, na tableti ya kuipangia amri. Sanduku moja, darasa zima. Akatangaza: Ijumaa roboti ibebe chaki kutoka mlangoni hadi mezani kwake. Atakayefanikiwa atakaa na sanduku likizo nzima.

Tumejitokeza wawili: mimi na yule mwenzetu tunayemwita Miwani. Wengine wamejijua. Darasa hili nalirudia mara ya pili, kwa hiyo nina uzoefu kuliko wote.

Nimeshamwahidi bibi. Magoti yanamsumbua, na kila akitaka kikombe cha maji ananiita mimi. Likizo hii ataletewa na roboti. Mimi nitakuwa nimejilaza, naisikia ikipita, vuu, vuu, kama upepo uliovaa ndara.

Jumanne, 4 Juni
Zamu ya Miwani. Nimepita dirishani kwao mara nne, kwa bahati tu. Yuko sakafuni na futikamba. Anapima, anaandika, anafuta. Kwenye kijitabu cha maelekezo bado yuko ukurasa wa kwanza! Nikamuuliza anaunda roboti au anashona suruali. Akajibu, bila kuinua kichwa, kwamba akimaliza atanipima na mimi mdomo, ila anahofia kamba haitafika mwisho.

Nimecheka njia nzima. Si kwamba ilinichekesha.

Jumatano, 5 Juni
Zamu yangu. Kijitabu sikukigusa. Vijitabu ni vya wasiojaliwa. Jicho nalo nimelichomoa. Jicho la nini kwa anayejua aendako?

Nikaipa nguvu zote, ikavamia ndoo. Nikapunguza. Nikapunguza tena, mpaka chini kabisa. Hapo ndipo ikawa tamu. Ikatoka kitandani kwa bibi, ikashuka hadi mlangoni taratibu, chaki mgongoni, haitikisiki. Nimeirudisha mara ishirini. Nikalala ubavu kuitazama, mpaka nikaona chumba chote kinaelea nayo: kikombe, ndoo, miguu ya bibi, mimi.

Bibi akaniambia, mume wangu, usijisifu mno, chumba hiki hata ndimu ikianguka inakwenda mlangoni yenyewe. Nikamwambia ndimu haina mota. Akauliza, na kurudi je? Nikasema hilo ni la likizo.

Ijumaa, 7 Juni
Miwani kaanza. Roboti yake inakwenda kwa kushtukashtuka, kama mlevi anayetafuta ufunguo. Lakini ikafika. Nikalitangazia darasa kwamba hiyo imetembea, yangu itaelea.

Nikalichomoa jicho tena, nikaipa amri zangu, nikabonyeza. Ikavuma. Haikwenda popote.

Sakafu ya darasa imelala sawasawa kama meza. Roboti yangu ikasimama pale mlangoni, chaki mgongoni, inavuma kwa utulivu mkubwa. Nikasema inafikiri. Tukaingojea. Mmoja wa nyuma akauliza kama iletewe mto.

Mwalimu akachuchumaa, akaitazama, akaniuliza niliijaribia wapi. Chumbani kwa bibi. Akauliza kama sakafu ya huko imeinama. Nikasema imeinama vizuri sana.

Darasa lilicheka mpaka kengele. Sanduku limekwenda kwa Miwani.

Jioni bibi kaomba maji. Nimempelekea kwa mikono yangu. Akanywa, akanipapasa kichwa. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Juni
Miwani kaja. Kumbe bibi kamsimulia habari ya kikombe. Akasema likizo ni ndefu, tuiunde pamoja roboti ya bibi, inayopanda na kushuka. Sharti moja: nisome kwanza kijitabu. Akaniachia.

Kijitabu hicho ni kizuri, nakiri. Nimekikunja mara mbili nikakiweka chini ya mguu wa kitanda cha bibi, maana kitanda kilikuwa kinateleza kuelekea mlangoni. Sasa kimetulia. Bibi akauliza kama nimeshakisoma. Nikamwambia kimeshaanza kazi.

Mimi nilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Kosa nimeligundua: ni darasa. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya adabu, nikimwomba waliinue upande wa mlangoni. Vidole vinne tu, sikutaka makuu.

Nimejilaza nangoja jibu. Naliona darasa zima linashuka taratibu kuelekea kwa mwalimu: madawati, chaki, Miwani na futikamba yake. Vuu, vuu.

Bibi anaita. Maji tena. Nimemwambia avumilie kidogo, mafundi wa darasa wanakuja.