Chumba Kilichonuka Thina

Bingwa alikuwa akipita zake njiani pua yake ilipomwambia hapa kuna ulaji. Katika chumba kimoja cha kupangisha fundi alikuwa amepulizia magari rangi miaka nenda rudi, na thina ya kuzimulia rangi ilikuwa imezama hadi kwenye saruji. Wapangaji walikuja, wakapiga chafya, wakaaga.

"Shikamoo, mama," akamwambia mjane mwenye nyumba. "Dawa ya chumba hiki ninayo."

Akadondosha thina kwenye chupa, akatia punje nyeusi, akatikisa. Mama akanusa. Harufu wapi!

"Mkaa wa vifuu vya nazi huo. Umechomwa kwa mvuke mpaka ukajaa vitundu visivyoonekana. Harufu ikiingia humo inanata kwenye kuta zake, haitoki."

Yote yalikuwa kweli, na Bingwa, ambaye hakuzoea, alihisi kizunguzungu. Akajitibu kwa kumuuzia mama mifuko minne ya mkaa wa jikoni uliopondwa.

Wiki ikapita, mama akapiga simu. "Mwanangu, mbona umepotea? Njoo uone maajabu!"

Bingwa akaja kiupandeupande, tayari kutimua mbio. Mifuko yake ilikuwa imepangwa ukutani, na chumba hakikunuka chochote. Akapiga magoti akanusa sakafu. Lo! Kumbe siku zote alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, ila hakuambiwa.

Tamaa ikampanda. Mteja akiingia humu na kunusa, atabishaje?

"Mama, nipangishe mimi."

"Kuna mhasibu ameshakitaka, baba."

"Nalipa ya mwaka mzima, sasa hivi!"

Mama akaguna, akahema, akamwonea huruma mhasibu, akapokea.

Kesho yake Bingwa akaja na wateja watatu wenye suti. Alipofungua mlango, thina ikawalaki. Mmoja akamtapikia viatu. Bingwa akamvaa mama uani, wateja wakimfuata nyuma.

"Mama, chumba kinanuka!"

"Kinanuka kweli. Mifuko yako niliimwaga pembeni, nikaijaza mkaa nilioununua kwa wauza vichujio vya maji. Jana nikautoa, maana ni wangu. Wako nimekurudishia wote, sijabakiza hata punje."

"Lakini ule wangu si mkaa wa..."

Wateja wakasogea karibu.

"Wa nini, mwanangu?" mama akauliza kwa upole. "Malizia, wageni wanasikiliza."